Bibi Titi: Mcheza Kwao Hutunzwa

Katika jiji la Dar es Salaam iko barabara pana inayopita kando ya Mnazi Mmoja na kukatana na Barabara ya Morogoro. Kila siku maelfu ya watu huitumia, wengine wakiwahi kazini, wengine wakisukuma mikokoteni, wengine wakitafuta riziki ya siku. Barabara hiyo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Kwa vijana walio wengi jina hilo limekwisha kuwa jina la barabara tu, kama vile barabara nyingine zinavyoitwa Lumumba au Samora. Wanajua basi lipi hupita hapo, lakini hawajui mwenye jina alikuwa nani, alifanya nini, wala kwa nini ulifika wakati ambapo hata sisi wa Chama tulikuwa tukilitaja jina lake kwa sauti ya chini.

Marehemu Bibi Titi Mohamed alifariki dunia tarehe 5 Novemba, 2000, katika hospitali moja mjini Johannesburg, Afrika ya Kusini, akiwa na umri wa miaka 74. Imepita zaidi ya robo karne tangu maisha yaliyoanzia na kuvuma Dar es Salaam yamalizike huko ugenini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Leo tunapenda kuyatazama maisha ya mama huyu, kisha tujiulize bila kuoneana haya kama kweli tulimtunza.

Alizaliwa mwezi Juni, 1926, katika familia ya Kiislamu ya Dar es Salaam. Kama watoto wengine wa mwambao wa wakati ule, elimu yake ya mwanzo ilikuwa ya chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Baba yake hakupenda binti yake apelekwe shule ya kizungu, kwa hofu iliyokuwa imeenea kwamba mtoto angetolewa katika dini yake. Hofu hiyo haikuwa upuuzi. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa pwani walikuwa na wasiwasi huo huo. Baada ya baba kufariki, ndipo Titi alipopata nafasi ya kusoma shule ya wasichana, tena kwa miaka michache tu. Kisha aliozwa angali mdogo, kama ilivyokuwa desturi. Alipofika utu uzima alikuwa na elimu ya darasa kidogo, lakini Mwenyezi Mungu alikuwa amemjalia sauti.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kwenda shule za serikali twaelewa jambo hili zaidi kuliko wale wasiopitia. Mtoto wa chuoni hujifunza kuhifadhi kwa kichwa, kupaza sauti pasipo woga, na kupima pumzi yake mbele ya watu. Titi alikuwa msomaji wa Maulidi aliyejulikana mjini, na tena alikuwa mwimbaji wa mbele katika kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Wako waliodhani, na pengine wapo mpaka leo wanaodhani, kwamba hizo zilikuwa starehe za wanawake tu. Mawazo hayo ni makosa, na hatuwezi kufahamu historia ya uhuru wetu mpaka tuyasahihishe.

Vikundi vya lelemama havikuwa vya kucheza tu. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, utaratibu wake na michango yake. Mwanachama akifiwa, wenzake walifika na ubani. Akioza, walifika na vyombo na mikono ya kupika. Kikundi kimoja kilishindana na kingine, kwa hiyo kila kiongozi alijua wanachama wake kwa majina, nyumba wanazokaa, na nani ana deni la mchango. Wanawake wa Kizaramo, Kimatumbi, Kimanyema, Kiyao na makabila mengine walikutana humo, wote wakitumia Kiswahili. Kwa maneno mengine, miaka mingi kabla ya kuwapo tawi la chama cha siasa, wanawake wa Dar es Salaam walikuwa tayari wamejenga matawi yao. Hapakukosekana ila shabaha.

Shabaha hiyo ililetwa na TANU. Chama kilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, waasisi 17 wanaoonekana katika ile picha mashuhuri ya Saba Saba walikuwa wanaume watupu. Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu wazee wetu, kwani walifanya jambo zito katika zama nzito. Lakini Chama hicho kichanga kilikabiliwa na kikwazo kikubwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. Makarani, walimu na watu wengi wenye kujua kusoma na kuandika walikuwa na mishahara ya serikali, na aliyekutwa na kadi ya TANU alijua hatari iliyomkabili. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilazimika mwezi Machi, 1955, kuacha kazi ya ualimu katika shule ya Pugu ili aendelee na siasa.

Wanawake wa mjini hawakuwa na mshahara wa serikali wa kupoteza. Walikaanga vitumbua na maandazi, walipika pombe, waliuza samaki na nazi, walipangisha vyumba. Mkoloni hakuwa na barua ya kuwaachisha kazi. Mume aliyekuwa mtumishi aliweza kubaki kimya, na mkewe akachukua kadi. Huo ndio ukweli wa mambo: mahali ambapo waliosoma walifungwa mikono, wasiosoma walikuwa huru. Jambo hilo lilihitaji mtu wa kuliona na kulitumia, na mtu huyo alikuwa Titi.

Alijiunga na TANU mapema pamoja na mumewe wa wakati ule, Boi Selemani, na wote wawili walikuwa miongoni mwa wenye kadi za mwanzo kabisa. Mwaka 1955 alikuja nchini mgeni kutoka Chama cha Labour cha Uingereza, Bwana John Hatch. Mgeni alitaka kujua kama TANU ina sehemu ya wanawake na kiongozi wake ni nani. Viongozi wetu walijikuta hawana jawabu lililo tayari, na ndipo Titi alipoletwa mbele kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU. Wako wanaosimulia habari hii kwa kucheka. Sisi tunaisimulia kwa sababu inafundisha. Kiti alichopewa kilitengenezwa haraka ili kuridhisha macho ya mgeni, lakini aliyekalia kiti hicho alikifanya kuwa nguzo.

Tarehe 8 Julai, 1955, mwaka mmoja na siku moja tangu TANU kuzaliwa, palifanyika mkutano wa wanawake katika ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja. Walihudhuria wanawake wapatao 400. Titi hakutegemea matangazo wala magazeti, maana wengi wa aliowataka hawakujua kusoma. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, vikundi vilivyokuwa vikishindana na Bomba yake. Aliwaeleza kwamba yale mashindano yasimame kando, kwani sasa wote wana mshindani mmoja tu, naye ni mkoloni. Kiongozi mmoja aliyekubali aliingia na kikundi kizima. Ndani ya miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi za TANU. Chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, chenye ofisi duni na mfuko mtupu, kilipata kwa ghafla jeshi la wakereketwa, wenye uwezo wa kuchanga, kupika, kupeleka habari, kuficha siri na kujaza viwanja.

Baadaye Titi alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika, mara nyingine pamoja na Mwalimu, akihutubia mikutano ya hadhara. Msomaji wa leo hana budi kujitahidi ili aone uzito wa jambo hilo. Mwanamke Mwislamu wa pwani, mwenye mume na nyumba, apande gari pamoja na wanaume wasio maharimu zake, alale safarini, asimame juu ya meza mbele ya umati na kuwaambia wanaume kwamba wasipoamka watabaki watumwa! Wako waliomwita mwanamke asiye na haya. Wako wanaume waliowakataza wake zao kumfuata. Alijibu kwa kazi. Sauti iliyozoea kuongoza Maulidi na lelemama ilifika mwisho wa uwanja bila kipaza sauti, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha watu, kisichohitaji mkalimani. Hakujua Kiingereza cha kubishana na magavana, lakini magavana hawakuwa ndio wa kuamshwa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba, 1961, hakuna aliyebisha kwamba baada ya jina la Mwalimu, jina la Bibi Titi lilikuwa miongoni mwa yale yaliyojulikana zaidi nchini. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, naye akawa kiongozi wake wa kwanza. Mwezi Julai mwaka huo huo wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao, na ndiyo sababu mpaka leo tarehe 31 Julai huadhimishwa kuwa siku ya wanawake wa Afrika. Titi aliingia Bungeni na akapewa nafasi ya Waziri Mdogo. Msomaji wa Maulidi wa Dar es Salaam alikuwa ameketi katika viti vya serikali.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, ulipoanza msiba ambao hatupendi kuuzungumza. Kazi ya kudai uhuru ilihitaji sauti, ushujaa na imani ya watu. Kazi ya kuendesha serikali ilihitaji mafaili, vyeti na Kiingereza. Taratibu, wale waliojaza viwanja walijikuta wakiitwa siku za kupokea wageni tu, ili wacheze ngoma uwanja wa ndege, huku mipango ikijadiliwa ofisini na wale ambao katika miaka ya 1950 walikuwa wameficha mikono kwa kuogopa mishahara yao. Hatusemi kwamba wasomi hawakuhitajika. Taifa lisingeendeshwa bila wao. Tunachosema ni kwamba hatukuwatafutia wale wa kwanza mahali pa heshima palipolingana na kazi yao, wala hatukuwaelimisha ili wapafikie.

Mwaka 1965, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa chama kimoja, ambapo wananchi walichagua kati ya wagombea wawili wa TANU, Bibi Titi alishindwa huko Rufiji. Huo ulikuwa uamuzi wa wananchi, na mwanademokrasia hakasiriki kwa uamuzi wa wananchi. Lakini mgongano mkubwa zaidi ulikuja na Azimio la Arusha, Februari 1967. Azimio lilimkataza kiongozi, pamoja na mambo mengine, kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Alijiuzulu uongozi wa Chama.

Kwa muda mrefu sisi makada tulifundishwa kuliona tendo hilo kuwa ushahidi wa ubepari. Sasa umefika wakati wa kulitazama kwa utulivu zaidi. Tunaliheshimu Azimio la Arusha, na tunaamini mpaka leo kwamba kiongozi anayejitajirisha kwa cheo ni adui wa wananchi. Lakini tumfikirie mwanamke wa mjini, asiye na cheti, asiye na kazi ya serikali ya kumpa pensheni, aliyekwisha kuona talaka na ujane vinavyomtupa mwanamke nje ya nyumba. Kwa wanawake wa Dar es Salaam wa kizazi chake, vyumba viwili vitatu vya kupangisha ndivyo vilivyokuwa pensheni na bima. Tena tukumbuke kwamba palikuwapo njia nyepesi, nayo ni kuandikisha nyumba kwa jina la ndugu na kuendelea kupiga makofi mikutanoni. Wapo walioifuata njia hiyo. Bibi Titi hakukubaliana na sharti, akaondoka waziwazi. Mtu anaweza kumwona amekosea, lakini hawezi kumwita mnafiki. Aidha, mwezi Februari, 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama chetu wenyewe, ilipokutana Zanzibar, iliyalegeza masharti hayo hayo ya uongozi.

Mwezi Oktoba, 1969, alikamatwa. Mwaka 1970 alisimama katika Mahakama Kuu mbele ya Jaji Mkuu, pamoja na washitakiwa wengine akiwamo aliyekuwa waziri Michael Kamaliza, kwa shitaka la uhaini: kula njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama hiyo, alikuwa Uingereza. Bibi Titi alikana shitaka. Mahakama ilimtia hatiani, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Katika taabu hizo ndoa yake nayo ilivunjika. Marafiki wengi walipotea, kama ilivyo desturi ya marafiki. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, naye akatoka gerezani.

Alirudi katika maisha ya faragha Dar es Salaam, katika mji ule ule aliokuwa ameuamsha. Kwa miaka mingi hakutajwa katika sherehe zetu. Picha zake hazikubandikwa kutani. Watoto walisoma historia ya TANU shuleni na kufaulu mitihani bila kukutana na jina lake, au wakikutana nalo katika mstari mmoja. Katika miaka ya 1980 mwanahistoria mmoja wa Marekani, Susan Geiger, alimwendea yeye na wanawake wenzake wa TANU, akakaa nao, akawasikiliza, kisha mwaka 1997 akatoa kitabu kizima juu yao. Tunamshukuru marehemu huyo. Lakini hatuna budi kukiri kwamba ni aibu kwetu kuwa mtu alivuka bahari kuja kuuliza habari za bibi zetu, hali sisi tulikuwa majirani zao na hatukubisha hodi.

Mwaka 1991, taifa lilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, gazeti la Chama lilimtaja kuwa shujaa wa mapambano ya uhuru. Msomaji ataona kwamba huo ndio mwaka ule ule ambao masharti yaliyomtoa katika uongozi yalilegezwa. Baadaye jina lake lilipewa barabara. Hivyo mlango ulifunguliwa, lakini ulifunguliwa kimya kimya, kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima muda mrefu na asiyependa kuulizwa alikuwa nacho wapi.

Wapo wananchi wa aina mbili wanaotatizwa na maisha haya. Wa kwanza husema kwamba mtu aliyehukumiwa kwa uhaini hastahili kuenziwa. Wa pili, kwa kutaka kumwenzi, huiruka miaka ile ya 1965 hadi 1972 kana kwamba haikuwapo, wakamfanya mama mtakatifu wa kwenye kalenda. Sisi hatukubaliani na wote wawili. Kwa wale wa kwanza twasema: hukumu ya mahakama iko katika kumbukumbu, nasi si majaji wa kuisikiliza kesi upya. Lakini msamaha nao uko katika kumbukumbu, tena wa mkuu wa nchi ambaye ndiye aliyedaiwa kutaka kupinduliwa. Iwapo yeye aliweza kusamehe, sisi tuliozaliwa baadaye tunashikilia kinyongo cha nani? Tena hakuna hukumu inayoweza kuwafuta wale wanawake 400 wa Arnautoglu. Walikuja, na aliyewaita alikuwa yeye.

Kwa wale wa pili twasema kwamba heshima inayohitaji kufichwa kwa nusu ya maisha ya mtu si heshima. Watoto wetu wakifundishwa kwamba mashujaa hawakupata kugombana, wao watakapogombana watadhani taifa limekwisha. Ni afadhali wajue kwamba watu wawili waliosafiri pamoja kuleta uhuru waliweza kufikia mahali pa kutengana vibaya, kwamba nchi haikuvunjika, na kwamba mmoja alimsamehe mwenzake. Hilo ni somo kubwa la siasa kuliko ngano ya watu wasiokosea.

Lipo jambo la tatu, nalo ni deni letu sisi wa Chama. Tangu mwezi Machi, 2021, nchi yetu inaongozwa na Rais mwanamke. UWT ingali hai, na akina mama wamejaa katika mabaraza na Bunge. Lakini katika matawi yetu bado yupo yule mama asiye na cheti, anayejua kila nyumba ya mtaa wake, anayeongoza kikoba, anayekusanya ubani, ambaye bila yeye mkutano hauwi mkutano. Huyo ndiye Titi wa leo. Tunamwita wakati wa kampeni, tunampa khanga na fulana, kisha tunamsahau kwa miaka mitano. Kumuenzi Bibi Titi kwa maua na hotuba, huku tukimtumia mwenzake namna hiyo, ni kurudia kosa lile lile hali tunalijua.

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila tawi la UWT katika miji ya mwambao liandike majina ya wanawake waliochukua kadi za TANU katika miaka ya 1950, kwa kuwauliza watoto na wajukuu wao. Wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na wajukuu nao wanaanza kusahau. Kadi zilizofungwa katika pembe za khanga na kuwekwa chini ya masanduku zitafutwe kabla ya mchwa kuzimaliza. Pili, vitabu vya historia vya shule vieleze maisha ya Bibi Titi yote, tangu Bomba hadi gerezani na baada ya gereza. Tatu, pale barabarani penye jina lake pawekwe kibao chenye maneno machache ya kumwambia mpita njia alikuwa nani, ili kijana anayesubiri basi apate la kusoma.

Bibi Titi alicheza kwao, nao walimpigia vigelegele, kisha wakamgeuzia kisogo, kisha wakamkumbuka akiwa mzee. Tunzo alilostahili hakulipata kwa wakati wake. Kaburini hatuwezi kumpelekea kitu zaidi ya dua, na dua hiyo tunamwombea: Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, kama tunavyoomba atusamehe na sisi. Yaliyobaki tuwafanyie walio hai.